Meza ya Baba na Barafu ya Zein

Jumatatu, 13 Aprili

Muhula umeanza leo, mvua nayo imeanza leo, na yote mawili yamenikuta sina nguvu. Nimeingia darasani viatu vimejaa maji, nikakaa nyuma karibu na dirisha lisilofungika.

Somo ni mkakati wa kampuni zenye biashara nyingi chini ya mwenyewe mmoja. Mwalimu wetu, Dakta Awiti, ni mwanamke mwembamba asiyependa kurudia maneno. Kafundisha kwa Kizungu jioni nzima bila kukaa. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili, angalau pawe na mahali pamoja ambapo kichwa changu kinavua viatu.

Alitutaka kila mtu achague kampuni ya kuichambua mpaka mwisho wa muhula. Morgan, anayefanya kazi benki, kachagua kampuni ya saruji na bima. Kadzo, ambaye tunakaa dawati moja tangu mwaka jana, kachagua ya mahoteli. Ilipofika zamu yangu nikasema nitachambua ya nyumbani kwetu, na darasa likacheka. Wacheke. Tuna jiko la halwa kule Kuze, mwendeshaji ni Ami Nasser, mdogo wake Baba. Tuna nyumba ya wageni Kibokoni, iko mikononi mwa dada yangu Hadeel. Tuna kiwanda cha barafu na chumba cha baridi Liwatoni, anakiendesha mdogo wangu Zein. Juu ya wote yuko Baba na meza yake. Na mimi, Intisar, niliyerudi nyumbani na talaka yangu miaka kadhaa iliyopita nikapewa kiti kando ya meza hiyo, ndimi ofisi kuu.

Sikuichagua kwa uvivu. Tangu Baba atoke hospitali, ana neno moja tu: "Nataka kupunguza mzigo kabla sijapunguzwa mimi." Baada ya Idi kubwa, biashara moja itauzwa. Ipi, kaniachia mimi nimshauri. "Wewe ndiwe usomae," kaniambia. "Nambia niuze ipi."

Kwa hivyo mmoja katika watatu hao atapoteza kazi yake kwa kinywa changu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Nimefungua kurasa za Dakta baada ya magharibi, nikalala juu yake.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo tumefundishwa kuzipanga biashara katika vyumba vinne. Kimoja cha nyota. Kimoja cha ng'ombe wa maziwa. Kimoja cha zile ambazo mwenyewe hajui kama zitakua ama zitakufa. Na kimoja cha mbwa, biashara zinazokula tu. Nilijiwazia Ami Nasser akiambiwa jiko lake limeingia chumba cha mbwa: angeliosha mara saba, na mara moja kwa mchanga.

"Na sisi wafanyakazi tuko chumba gani?" Kadzo akaninong'oneza.

"Punda," nikamwambia. "Hawakumjengea chumba."

Nilipozipanga zetu, halwa ndiye ng'ombe, haina ubishi. Nyumba ya wageni nikaitia chumba cha nyota, maana sijamwona Hadeel na kitanda kitupu tangu mwaka uanze. Barafu ikabaki. Kila mwezi barafu ina jambo: leo mashine, kesho bomba, mara wachuuzi wanahama kwa kucheleweshwa. Nimeiandika chumba cha mbwa kwa penseli, si kwa kalamu, kana kwamba penseli ni huruma.

Jumatano, 22 Aprili

Dakta ametaka tueleze ofisi kuu hufanya kazi vipi. Basi naieleza kwanza hapa.

Baba hushuka baada ya chai, kanzu imepigwa pasi, kofia sawasawa, akakaa kwenye meza iliyo chini ya nyumba yetu, mlango ukiangalia kichochoro. Mimi nishaweka buli la kahawa. Wa kwanza kufika ni Ami Nasser, kisha Hadeel, kisha Zein na buti zake za mpira na harufu yake ya samaki. Kila mmoja anashika mkono wa Baba, anasabahi, anakunywa kikombe, halafu anauliza la siku yake. Ninunue samli? Nimpokee mgeni wa mwezi mzima? Nibadilishe mkanda wa mashine? Baba anauliza habari za watoto, anafikiri, anasema "Nunua" au "Ngoja." Hilo ndilo neno la meza. Bila neno hilo hakununuliwi hata ufagio, hata mtu akiwa na uwezo wa kununua mafagio mia.

Aliyeanzisha ni babu. Baba huamini kwamba ndicho kilichotuweka pamoja, wakati nyumba nyingine za mtaa huu ziligawana hata vikombe kabla kaburi halijakauka. Mimi nami nimeamini hivyo maisha yangu yote. Kazi yangu ni buli, simu, leseni za kaunti, kodi, na kuwapatanisha waliokwaruzana mlangoni. Nikiulizwa cheo changu sina jibu.

Jumatatu, 27 Aprili

Dakta Awiti: kampuni mama ina haki ya kuwapo pale tu watoto wanapopata kwake wasichoweza kukipata kwingine. Vinginevyo inawakalia.

Kadzo akanyoosha mkono. "Na kampuni baba je?"

Hata Dakta alicheka. Mimi nilitazama dirishani.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, nikafanya kazi. Nimekwenda Liwatoni kumwona Zein kwa ajili ya karatasi yangu ya muhula. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata tukawa tunasemezana kwa kupiga kelele. Wachuuzi wamejipanga na masanduku yao, na yeye anawapimia barafu iliyosagwa, mmoja mmoja, kwa adabu kama mtu anayepakua pilau harusini.

"Waja kunitazama wewe, au waja kutazama mashine?" akaniuliza.

"Vyote."

"Baba kasema biashara moja yauzwa. N'yangu?"

"Sijaamua."

"Haya." Akarudi kwenye sepetu lake. Kisha akageuka. "Ukiamua nambie wewe, da Intisar. N'sisikie kwa watu."

Zein ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, lakini alivyosema vile nilimwona mdogo. Nimekuwa nikimhesabu mzembe. Leo sikuona uzembe wowote pale, niliona mtu aliyelowa.

Jumanne, 5 Mei

Nimeandika rasimu ya kwanza. Barafu iuzwe. Imeandikwa vizuri, hoja zimesimama, na sijisikii vizuri.

Jumatatu, 11 Mei

Mzee Abdullah, binamu yake Baba aliyelelewa naye, katutoka alfajiri. Innalillahi. Kazikwa baada ya adhuhuri katika mvua. Siendi darasani.

Alhamisi, 14 Mei

Nataka kuyaandika haya kabla sijaanza kuyapamba.

Baada ya mazishi Baba alikaa matangani, kiti cha mbele, kando ya watoto wa marehemu, akipokea mikono ya watu. Mtu aliyekaa pale haambiwi habari za biashara. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja. Ungemwendea ukamnong'oneza habari ya mashine, mji mzima ungesema watoto wake hawakuweza kungoja hata hitima isomwe.

Jumatatu hiyohiyo jioni Zein akanipigia simu. Kompresa, moyo wa mashine, imekata. Fundi kafungua, kakiona kifaa kilichokufa, na kipya kipo dukani mjini. Kikiletwa, asubuhi mashine inazunguka. Uwezo wa kukinunua alikuwa nao. Neno ndilo hakuwa nalo.

"Basi nifanye n'ni?" akaniuliza.

"Baba yuko matangani, Zein."

"Najua. Ndo nakuuliza wewe."

"Mimi sina neno, wajua. Neno n'la meza."

"Basi nende n'kamwambie pale?"

"Pale? Mbele ya watu wote wale?"

Nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Watasema ningoje." Nami nilikuwa sijalisema bado.

"Ngoja," nikasema.

Jumanne chumba cha baridi kikaanza kutoa jasho. Zein akanunua barafu kwa jirani, ikatosha nusu. Jumatano hitima ikasomwa alasiri, Baba akarudi nyumbani kachoka, akalala, nami sikumwamsha. Leo asubuhi kashuka mezani, Zein kauliza, Baba kasema "Nunua," na kila mmoja wetu aliyekuwapo alijua kwamba ni bure.

Nimekwenda Liwatoni baadaye. Harufu nimeikuta barabarani. Nguru na kolekole wa Kiti, mchuuzi aliyekuwa akiweka samaki kwetu kabla sijaanza kazi, wote wamekwisha. Kiti hakupiga kelele. Angepiga ningefarijika.

"Bi Intisar," akaniambia, "mimi nalimwambia Zein nunua, mengine tutajua mbele. Kanambia babake yuko kwenye msiba. Nikasema sawa, msiba ni msiba. Lakini samaki hajui msiba."

Zein alikuwa akiosha sakafu kwa mpira wa maji. Hakuinua macho. Nilitaka kumwambia kwamba kosa ni langu pia, nikaona maneno hayo yatamchosha tu, nikachukua ufagio. Tumefagia pamoja mpaka adhuhuri.

Ijumaa, 15 Mei

Baba kamlipa Kiti samaki wake wote, hata hakubishana. Kisha, baada ya chakula cha mchana, mbele yetu sote kwenye sinia moja, akasema: "Jawabu limejileta lenyewe. Barafu iuzwe. Yuko mtu kuko huko Liwatoni aitaka, ntampa jibu mwisho wa Juni."

Kwenye sinia hakuna asemaye la. Ami Nasser akasema inshallah. Hadeel akamsogezea Zein kipande cha nyama, na Zein akakiacha pale kiliposogezwa.

Ndiyo rasimu yangu neno kwa neno. Nilipaswa kufurahi kwamba Baba na mimi tumefika mahali pamoja kwa njia mbili. Nimeondoa sinia kabla wengine hawajanawa.

Jumatatu, 18 Mei

Nimemuuliza Dakta: biashara ikionyesha wazi kwamba ni mbovu, kuna haja ya kuendelea kuichambua?

"Kutafuta biashara mbovu ni kazi rahisi," akasema. "Jiulize ingekuwaje kama isingekuwa yenu."

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye madimbwi na swali hilo. Isingekuwa yetu, kifaa kingenunuliwa Jumatatu jioni.

Jumamosi, 23 Mei

Kikundi chetu kimekutana kwa Kadzo, Likoni. Kivukoni pale Feri nimesimama nikasinzia, mama mmoja mwenye beseni la mabuyu akanishika kiwiko nisianguke. Mchana kutwa tumesomeana kazi zetu. Nilipomaliza yangu Morgan akakuna kidevu.

"Samahani, Intisar. Hizi biashara tatu zinapata nini kutoka kwenu ofisini?"

"Leseni. Kodi. Simu."

"Hayo hata karani wa kukodi huyafanya."

Nilikasirika. Kisha hasira ikachoka kabla yangu, nikabaki kukubali.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Halwa imekwisha kabla ya adhuhuri. Baba kaswali kwenye kiti. Nimelala mchana wote, hata Hadeel akadhani naumwa.

Ijumaa, 29 Mei

Leo ndiyo siku ya muhula huu, na darasa halikuwapo.

Nilikuwa nikimsaidia Hadeel kukunja shuka ukumbini kwake. Nikamuuliza, kwa ajili ya karatasi tu, mbona nyumba yake haikuharibikiwa siku zile za matanga, maana nilisikia bomba la juu lilipasuka.

"Lilipasuka, Jumanne. Nikalitengeneza Jumanne."

"Mbona Alhamisi ulikuja kumuuliza Baba kama ulitengeneze?"

"Nilimuuliza. Kanambia tengeneza. Nikasema haya."

"Na lilikuwa lishatengenezwa."

Hadeel akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto mpumbavu anayempenda. "Intisar, we! Wewe na elimu yako yote wadhani n'ngoje mzee amalize kahawa na wageni wanaelea? Miaka yote mimi namuuliza nilichokwisha kukifanya. Akisema nunua, kishanunuliwa. Akisema ngoja, nasema haya, Baba, nangoja. Yeye yuwaridhika, na nyumba yaenda. Ami Nasser vilevile. Juzi kauliza habari ya sukari, na halwa ya sukari hiyo ishaliwa na watu."

Tukacheka mpaka shuka zikaanguka. Mimi niliacha kwanza.

"Na Zein?"

Naye akaacha. Akaokota shuka, akaipangusa.

"Zein nilidhani yuwajua," akasema.

Hakujua. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu jambo kama hilo haliambiwi. Kila mmoja aligundua kwa njia yake na akanyamaza kwa heshima. Katika hao watatu aliyekuwa akiuliza kweli, na kungoja kweli, ni Zein peke yake. Mashine zilizochelewa, wachuuzi waliohama, samaki wa Kiti, vyote vimetoka hapo. Na mimi niliyemtia chumba cha mbwa nilikuwa nikitia kahawa kwenye vikombe vya wale wawili, nikiwaona ndio mahodari. Naona haya. Ni haya na hasira pamoja, na sijui hasira niielekeze wapi, maana Hadeel hakufanya ubaya wowote ila kumpenda baba yake kwa njia isiyoharibu mabomba.

Jumanne, 2 Juni

Nimefuta rasimu yote. Naanza upya.

Jumatatu, 8 Juni

Nimesoma kazi yangu mbele ya darasa. Jibu langu: biashara zote tatu zibaki, kila mmoja apewe yake, na kinachofungwa ni ofisi kuu. Nikaeleza kwa nini biashara tiifu kuliko zote ndiyo inayoonekana mbovu kuliko zote. Morgan akapiga makofi. Kadzo akaniandikia pembeni mwa daftari lake: *punda kaondoka*.

Dakta Awiti hakuwa na haraka. "Aliyekupa swali hili nyumbani, umempa jibu?"

"Bado."

"Basi somo hujalimaliza," akasema, akamwita anayefuata.

Ijumaa, 12 Juni

Nimempa.

Baada ya chakula wengine wakaenda zao, Baba akashuka kukaa mezani ingawa Ijumaa alasiri hakuna ajaye. Nikakaa kiti cha mbele, kile cha wanaouliza. Sikuwahi kukikalia. Ni kifupi kuliko kinavyoonekana.

"Baba, ulin'uliza uuze ipi."

"Nshajijibu mwenyewe. Barafu."

"Mimi naona usiuze hata moja."

"Na mzigo?"

"Mzigo si biashara. Mzigo n'huu hapa." Nikaweka kiganja juu ya meza. Nikamwambia kwamba kila mmoja anaweza kusimama peke yake. Nikamwambia Zein angekuwa na neno lake mwenyewe, kifaa kingenunuliwa siku ileile na samaki wa Kiti wangefika sokoni. Nikamwambia kwamba hata mimi mwenyewe nilimwambia angoje, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa.

Nilijitayarisha kwa ghadhabu. Hakughadhibika. Aliupitisha mkono wake polepole kwenye ukingo wa meza.

"Na asubuhi nitakaa wapi?" akauliza.

Swali hilo halimo katika kurasa zozote za Dakta. 

Kisha akasema, "Hadeel na Nasser nao hupita hapa kila siku. Nao wana mabomba na majiko. Mbona wao hawakuharibikiwa?"

Nilikuwa nimejiapia sitawataja, na sikuwataja. Nilitazama bangili zangu. Lakini Baba kafanya biashara umri wake wote, na mtu wa biashara hujua kunyamaza kwa mwenzake kuna bei gani. Nikaona jibu linamfikia bila mimi kulitamka.

"Tangu lini?"

"Sijui, Baba." Na kweli sijui.

Akaomba maji na dawa yake. Nikamletea. Namhurumia sana, na Mungu anisamehe, chini ya huruma hiyo pana nafuu.

Jumamosi, 13 Juni

Ami Nasser ana mafua, hakuja. Hadeel kaja, kashika mkono, kasabahi, kanywa kikombe.

"Baba, magodoro ya vyumba vya juu yamechakaa. Nibadilishe?"

Baba alikunywa kahawa yake mpaka machicha. "La," akasema.

"La, Baba?"

"La. Ya zamani yatosha."

Magodoro mapya yalifika juzi kwa mkokoteni, mtaa mzima uliyaona. Hadeel akanitazama. Mimi nilikuwa nimelikazia macho buli.

"Baba…"

"Yarudishe," akasema. "Yarudishe yalikotoka."

Hapo ndipo alipofahamu kwamba Baba anajua. Akalia palepale, akaushika tena mkono, hauachi. Baba akampapasa kichwa juu ya buibui. "Kumbe mwalikuwa mwanihurumia," akasema. Sauti yake haikuwa ya kulaumu, na ndiyo maana nilitoka nje.

Huko nje ndiko nilikomkuta Zein, anapangusa buti kabla ya kuingia. Akaingia, akauliza kama anunue chumvi ya magunia.

"Toka leo usije kuniuliza," Baba akamwambia. "Fanya uonavyo."

Zein akageuka rangi. "Ushaiuza, Baba?"

"Sijaiuza. Siiuzi."

"Basi n'mekosa n'ni?"

Baba akanionyesha mlango kwa macho. Nikamtoa Zein, nikamweleza chini ya roshani ya jirani, mvua ikitutonea mabegani. Nilimwambia yote, ya Hadeel, ya Ami, ya chumba cha mbwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilidhani ndivyo ifanywavyo," akasema. Akavaa kofia yake, akaenda zake kununua chumvi.

Jumatano, 17 Juni

Hadeel kaja, kasabahi, hakuuliza kitu, kaondoka upesi. Ami Nasser kasimama mlangoni tu. Zein hakuja. Kahawa iliyobaki nimeimwaga.

Jumamosi, 20 Juni

Vilevile. Baba kashuka kanzu imepigwa pasi.

Jumatatu, 22 Juni

Mtihani. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Sikumbuki nilichoandika.

Alhamisi, 25 Juni

Mvua imepungua, imekuwa ya kupita tu.

Baba alikaa mezani tangu chai. Saa ambayo Zein huja ilipofika, akatazama mlango. Ilipopita, akautazama tena.

"Barafu yaendaje?" akaniuliza.

"Sijui, Baba. Zein hatuletei habari siku hizi."

"Ala." Akaishika fimbo yake. "Niitie tuktuk."

Sikuuliza ya kwenda wapi. Nilikaa naye nyuma nikimshikia fimbo. Liwatoni aliteremka mwenyewe, akasimama mbele ya lango la kiwanda chake, akasema kwa sauti, "Asalaam aleikum. Hodi." Maishani mwangu sijamsikia Baba akipiga hodi mahali ambapo ni petu.

Zein akatoka na sepetu mkononi. "Waaleikum salaam. Mbona hodi, Baba? Kuna n'ni?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza, Baba."

"Kama pana mahali pa kukaa."

Zein akashusha sepetu. Kisha akaenda akaleta kreti la samaki, akalipindua, akalipangusa, akalipangusa tena, akavua koti lake akalitandika juu. Baba akakaa. Mashine ilikuwa ikinguruma, wachuuzi wako msururu, Kiti miongoni mwao. Kiti akaja kumshika mkono, akarudi kwenye nafasi yake. Nilikaa kwenye ngazi nikaegemea ukuta wa baridi, na nadhani nilisinzia.

Nilizinduka kwa sauti ya fundi. Kaleta mkanda wa mashine uliopasuka pembeni, anamwonyesha Zein. Zein akaupokea, akaukunjua, na kwa mazoea tu akageuka akamwelekezea Baba.

"Baba, tuubadilishe sasa, au tungoje mwisho wa mwezi?"

Baba aliutazama ule mkanda. Niliona midomo yake ikilitengeneza neno. Nalijua neno lile, nimelisikia tangu utotoni. Fundi anangoja, Zein anangoja. Baba akavuta pindo la kanzu yake lisiguse maji.

"Mimi mgeni hapa," akasema. "Muulize mwenye kiwanda."

Zein akabaki kaushika mkanda mkononi. Halafu akamwambia fundi aubadilishe.